Tuuze Sahani Ngapi za Pilau?

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni kamati ya wazazi hapa Temeke, na tumepanga kuuza pilau Jumamosi moja ili tupate faida isiyopungua shilingi 600,000 za kununulia sare za wanafunzi wasiojiweza. Sahani tutaiuza shilingi 5,000, mapishi yake yatagharimu 3,200, na turubai pamoja na viti tutavikodi kwa 180,000. Mweka hazina wetu amegawanya 600,000 kwa 5,000 akapata sahani 120. Je, zinatosha?
Mzazi, Temeke

JIBU: Hazitoshi, ndugu yangu, na ni heri umeuliza kabla mchele haujanunuliwa. Mweka hazina amehesabu mauzo kana kwamba ni faida, ilhali katika kila shilingi 5,000 inayoingia, 3,200 zimekwisha kutumika kwa mchele, nyama na mkaa, na zinazobaki ni 1,800 tu. Sahani 120 zitawaachia 216,000, na mkishalipia turubai na viti zitasalia 36,000.

Neno lenu “isiyopungua” ndilo linaloamua hesabu yenyewe: badala ya alama ya sawasawa, tumieni ≥, yaani “kubwa kuliko au sawa na”. Idadi ya sahani ikiwa x:

1,800x − 180,000 ≥ 600,000

Ongezeni 180,000 pande zote, kisha gawanyeni kwa 1,800, mpate x ≥ 433.33. Msikadirie kwenda chini, kwa maana sahani 433 huleta faida ya 599,400, pungufu ya lengo. Zinahitajika 434 au zaidi.

Linalonitia wasiwasi ni kama wateja 434 watapatikana. Mkiona hamtavuka 350, na bei haiwezi kupanda, tafuteni gharama ya sahani, g:

350(5,000 − g) − 180,000 ≥ 600,000

Mkirahisisha mtapata −350g ≥ −970,000, na hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza: ukigawanya kwa namba hasi, alama hugeuka, hivyo g ≤ 2,771.43. Mkisahau kuigeuza, hesabu itawaambia kwamba gharama ikizidi faida nayo huongezeka, jambo lisilowezekana.

Basi punguzeni angalau shilingi 429 katika kila sahani, kwa kununua mchele na viungo kwa bei ya jumla Kariakoo, au kwa kuwaomba wazazi wachangie mkaa na vitunguu, na mlijue hilo kabla hamjatoa malipo ya awali ya turubai.