Maswali ya Wasomaji: Timothi ya Engmo kwa Hei na Malisho

SWALI: Mhariri, mimi na mume wangu tunaishi Palmer, Alaska, ambako tumekodi shamba la hekta mbili tunamofuga mbuzi pamoja na farasi wawili. Wenyeji wanatushauri tupande nyasi za timothi aina ya Engmo kwa kuwa zinahimili baridi. Je, shamba hilo hilo laweza kutupatia hei, yaani nyasi zilizokaushwa za kulisha mifugo, na malisho pia?

JIBU: Ndugu msomaji, mmeshauriwa vyema. Engmo asili yake ni kaskazini mwa Norwe, na siku zinapoanza kufupika yenyewe hupunguza kukua na kujiandaa kwa baridi, ilhali timothi za kusini huendelea kuchipua mpaka barafu inazikuta bado laini.

Hata hivyo, mbegu njema peke yake haitoshi. Mkichimbua shina moja mtaona chini yake, usawa wa udongo, kivimbe kidogo mfano wa kitunguu, nacho ndicho kinachohifadhi akiba ya chakula ambayo mmea huitumia wakati wa baridi na kuchipua tena theluji inapoyeyuka. Mbuzi wakiachwa wale hadi ardhini, au mashine ikishushwa mno, akiba hiyo hupungua na mmea hufa; kwa hiyo bakizeni kimo cha sentimita 10, na Agosti ikiisha msikate wala msilishe tena.

Pandeni mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, kama kilo 10 kwa hekta, na kwa kuwa mbegu ni ndogo mno, msizifukie zaidi ya sentimita moja. Mifugo isubiri mwaka wa pili. Hata hapo, vuteni kwanza shina kwa mkono, na likitoka na mizizi yake, ngojeni.

Kuhusu hei, kateni masuke yanapochomoza, kabla ya maua, kwa sababu baadaye mashina hukomaa na protini hushuka, na mvua za Agosti huzuia ukaushaji. Unyevu ushuke chini ya asilimia 18 kabla ya kufunga marobota: hei mbichi huota ukungu unaodhuru mapafu ya farasi, na yaweza kupata joto hadi ikawaka ghalani.

Kwa vile timothi huchelewa kuchipua baada ya kukatwa, ningewashauri mtenge kwa uzio sehemu ya hei na sehemu ya malisho, nayo ya malisho muigawe vipande ili kila kimoja kipate kupumzika. Pimeni pia udongo, hasa potasiamu, kwani hei huiondoa kwa wingi shambani, na nyasi zikiikosa hushindwa na baridi hata zikiwa za Engmo.