Kijana wa Form Two ndiye ananunua unga, mume amenyamaza. Nikatae pesa zake? (Julai 2020, wakati wa korona)

*Shikamoo shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Likoni, Mombasa. Mume wangu alikuwa weita hoteli moja ya Diani miaka kumi na nne, mwezi wa tatu korona ilipoingia wakaambiwa waende nyumbani bila mshahara mpaka wageni warudi. Mimi nilikuwa nauza viazi karai na mabuyu langoni pa shule, shule ilipofungwa na biashara ikafungwa siku hiyo hiyo. Kijana wangu wa Form Two ana miaka 16, sasa anapiga skwodi kwa bodaboda ya jirani, yaani anamwendeshea kwa muda, na kila jioni ananipa mia mbili. Hiyo ndio unga, hiyo ndio mafuta. Tulikuwa tunahesabu siku za shule kufunguliwa, waziri aliposema ni mpaka Januari kijana akaweka vitabu chini ya kitanda na hajavigusa tena. Juzi amerudi kafyu imepita, babake akamuuliza anatoka wapi, akamjibu, "Na unga wa leo alinunua nani?" Mume wangu hakusema kitu, alitoka akakaa barazani mpaka usiku mkubwa. Siku hizi analala mpaka saa tano, akiamka ni drafti. Mdogo wa Grade Two chuo cha Kurani nacho kimefungwa, analilia simu kutwa. Binti wa darasa la nane namshukuru Mungu hana shida, ndiye ananisaidia kazi zote. Shangazi, nizikatae pesa za mtoto ama nifumbe macho? Na huyu mume nimfanye nini?*

*Mama watatu, Likoni*

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya kwanza nikamwona kijana, ya pili nikamwona babake, ya tatu ndio nikaona kitu ambacho wewe mwenyewe umekipita mbio, na hicho nitakuja nacho baadaye manake nikikianza sasa sitajibu ulichoniuliza.

Mia mbili kwanza. Usiikatae. Najua kuna watakaosoma hapa waseme ati mtoto wa shule kufanya kazi ni makosa, hao wacha waje wakununulie unga. Kijana amekaa nyumbani tangu Machi, nyumba haina mshahara, angekaa tu anaangalia sufuria? Hana kosa kutafuta. Tabu yangu ni mbili, hiyo pikipiki, na njia inayopita hiyo pesa mpaka ikufikie.

Kwa pikipiki sibembelezi. Miaka 16 hana leseni ya bodaboda na hawezi kupewa. Akigonga mtu ama akagongwa yeye, bima haitamjua, hospitali ndio itawajua nyinyi, na mguu mmoja tu ukivunjika utakula hizo mia mbili zote alizoleta na kitanda mnacholalia juu yake. Airudishe kwa mwenyewe. Na jirani naye aambiwe, taratibu lakini aambiwe, manake mtu mzima aliyemkabidhi mtoto wa miaka 16 chombo cha moto ili apate yeye hesabu yake ya jioni amejua vizuri alichofanya.

Utaniuliza basi tule nini. Mwanangu, wewe una kazi mikononi umeisahau kwa sababu lango limefungwa. Wale watoto waliokuwa wananunua viazi vyako hawakufa, wako majumbani, na saa kumi ikifika njaa inawashika vile vile kama walivyokuwa wakitoka darasani. Na wakubwa je? Jioni watu wanashuka feri wanatoka kisiwani mbio mbio wafike nyumbani mapema, mtu hajala tangu asubuhi, beseni la viazi karai la moto lililofunikwa vizuri, na ukwaju wake na pilipili yake, hapo linapita hivi hivi kweli? Wewe pika, kijana azungushe, barakoa usoni na ndoo ya maji na sabuni kando. Hatapata mia mbili siku ya kwanza, pengine hata wiki ya kwanza hatapata, usimkatie tamaa. Mtaji mwombe ndugu yeyote mwenye mshahara, na mwaka huu wa 2020 kwa ajili ya korona kutuma pesa chini ya elfu kwa simu hakukatwi kitu, kwa hivyo asikwambie makato. Ila usimwombe ya kula. Mwambie nataka mia tano ya viazi na mafuta. Watu huchoka haraka sana na ya kula.

Sasa njia ya pesa. Unasema kila jioni anakupa *wewe*. Babake yuko wapi hapo? Yuko barazani anasikia sarafu. Mwanamume aliyevaa shati jeupe miaka kumi na nne akabeba sahani za wageni akasomesha watoto kwa hizo bahashishi, leo anasikia mwanawe akihesabu pesa mkononi mwa mkewe, halafu unaniuliza kwa nini halali usiku na anaamka saa tano. Mimi naona haya tu hapo, uvivu siuoni. Nataka kuanzia kesho kijana alete pesa ampe babake mkononi, nyote mkiwepo, na babake ndiye atoe ya unga, atoe ya mafuta, na inayobaki hata kama ni ishirini iwekwe kando. Zikikusanyika zitie M-Shwari, akiba ya kwenye simu, ile ya kufunga, ufunge mpaka Januari, na kijana ajue kwa mdomo wa babake kwamba hizo ni zake, ni karo yake. Mtoto anayejiwekea karo bado ni mwanafunzi, hata kama anauza viazi. Kuna wasomaji wangu nawasikia kutoka hapa, "Shangazi, umpe mwanamume pesa, si atazila!" Kwa barua yako huyu hanywi wala hachezi kamari, anacheza drafti. Mpe. Akizila niandikie tena na mimi nitabadilisha maneno.

Na lile neno la unga alilomjibu babake, lile usiliache likaoza. Lakini usimgombeze wewe, ukimgombeza wewe umemfanya babake kuwa mtoto wa nne humo ndani. Mwambie mumeo faraghani, "Mimi sikupenda alivyokujibu." Basi. Ukimwongezea "na wewe ulinyamaza" umeharibu yote.

Tena nataka uelewe kilichowachosha, manake si kufungwa kwa shule peke yake. Rais Uhuru Kenyatta alitangaza Jumapili tarehe 15 Machi 2020, Jumatatu watoto wako nyumbani, na kila mtu akajua ni wiki chache. Mzazi akasema aah, hiyo tutaivumilia, akafungua simu watoto waangalie katuni, akakopa dukani akijua mwezi ukiisha atalipa. Ikafika mwisho wa Aprili ikaongezwa mwezi. Tukaambiwa tena labda Septemba, na darasa la nane na Form Four ndio watakaotangulia, mkajipanga upya na deni likajipanga upya. Halafu tarehe 7 Julai waziri wa elimu Profesa Magoha akasema mwaka huu hauhesabiwi, hakuna KCPE ya darasa la nane hakuna KCSE ya Form Four, watoto watabaki madarasa yao yale yale mpaka Januari. Mimi sisemi serikali ilikosea kulinda watoto na huu ugonjwa, wangefungua wakafa watoto tungesema nini. Nasema kuongezewa kidogo kidogo ndiko kunakovunja nyumba. Angeambiwa tangu Machi kwamba ni mwaka mzima, mumeo pengine angekuwa ashatafuta kitu kingine mwezi wa nne, lakini kila mwezi aliambiwa bado mwezi, naye akangoja. Sasa ndege za ndani zimeanza tena tarehe 15 mwezi huu na za nje zinasemwa ni tarehe mosi Agosti, nawaomba msianze tena kuishi kwa hiyo tarehe. Ndege kutua si hoteli kujaa.

Mdogo sitamchelewesha mtu. Hata mimi wajukuu wangu wananililia simu. Chuo bado, misikiti yenyewe imefunguliwa juzi kwa watu mia moja tu na chini ya miaka 13 hawaingii, kwa hivyo asubuhi asome juzuu yake na babake, jioni apewe simu saa moja, akilia alie. Kulia hakuuwi.

Haya. Binti.

Mwanangu, kwenye barua nzima umemtaja mara moja tu, tena kwa kushukuru. "Hana shida, ndiye ananisaidia kazi zote." Hapo ndipo niliposimama. Huyu ndiye alikuwa na mtihani Novemba. Kijana yuko Form Two, mwaka ukipotea atarudia Form Two, ataumia lakini hakuna mlango uliofungwa mbele yake. Binti alikuwa amebakisha miezi minane afanye mtihani wa kuingia sekondari, leo hajui mtihani ni lini, na kwa miezi minne hii anaosha, anapika, anateka maji, analea mdogo, anafulia na huyo bwana mkubwa anayenunua unga. Hakuna anayemgombeza kwa sababu hakuna anachokosea. Mtoto akiwa kimya hivo, watu wazima wanamsahau.

Najua ninachosema. Mwaka wa 1982 baada ya yale mapinduzi yaliyoshindwa mwezi wa nane, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa, kaka yangu akarudi nyumbani akakaa mwaka mzima na zaidi. Nyumba nzima ilimhurumia. Marehemu baba akimtafutia vibarua, mama akimwekea nyama, jamaa wakija wanampa pole, masikini masomo yake. Mimi nilikuwa Form Three, shule yangu haikufungwa hata siku moja, lakini kaka alipokuja na marafiki zake kutwa nyumbani kazi ziliongezeka na mwenye kuzifanya nilikuwa mimi, nikitoka shule ni maji, ni mashati yake, ni chai ya wageni wake. Yeye alirudi chuoni akamaliza akapata kazi, Mungu amrehemu. Mimi 1983 nilifanya mtihani wangu nikapata Division Three. Sisemi ni mashati, pengine hata ningekuwa sultani ningepata Division Three vile vile, hesabu sikuwa naziweza. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, na mpaka leo nikikunja shati jeupe nakumbuka.

Kwa hivyo nataka haya. Kijana afue nguo zake mwenyewe, leo, mikono ya kushika hendeli ya pikipiki inashika sabuni pia. Maji ateke babake, na kama anaona aibu ya majirani ateke alfajiri, haidhuru. Binti apewe asubuhi saa mbili mpaka saa nne ziwe zake, asiitwe hata kama maziwa yanamwagika. Vipindi vya masomo vya redio ya taifa, KBC, vipo, havitaki bando, asikilize na daftari mkononi. Na mwalimu wake ni huyo huyo mumeo. Mtu aliyeongea Kizungu na wageni miaka kumi na nne, na kwa Diani sitashangaa akijua na Kijerumani, anashindwaje kumsimamia mtoto insha moja ya Kiingereza na moja ya Kiswahili kila wiki? Akae naye hapo hapo barazani, drafti iwe baada ya insha. Hapo namtafutia binti mwalimu na namtafutia babake sababu ya kuamka kabla ya saa tano, sitaficha. Tena angalieni mtaani kwenu, lazima kuna mwalimu wa shule ya praiveti, hao hawajaona mshahara tangu Machi na wengine wanauza mboga. Mkiwa wazazi watatu mkamchangia hata mia mia kwa wiki awafundishe wasichana wenu hesabu nje kivulini, wakae mbali mbali, mtakuwa mmelisha nyumba mbili.

Kuna jambo moja zaidi na hili nakuambia kama mwanamke kwa mwanamke. Binti wa darasa la nane serikali ilikuwa inampa pedi shuleni, bure, ni sheria tangu 2017. Shule imefungwa tangu Machi. Hesabu miezi. Mia mbili ya unga na mafuta haina pedi ndani yake, nimeihesabu mimi mwenyewe hapa nikakosa. Basi anazipata wapi? Pengine anakata kanga kuukuu na hakuambii kwa sababu anaona hali ya nyumba, huyo ni mtoto mwema na anateseka. Ama pengine kuna mtu anamnunulia, na nyumbani kwako siku hizi vijana wa stejini wanapita kuja kumwita kakake asubuhi na jioni, na anayefungua mlango ni yeye. Sisemi kuna kitu. Nasema hujui, na miezi minne ni mingi ya kutojua.

Muulize leo usiku, wanaume wakiwa nje barazani. Chukua vyombo uoshe wewe, yeye akae tu, umuulize huku unaosha ili asilazimike kukutazama machoni. Akisema "hakuna kitu mama" ya kwanza usiondoke, endelea kuosha.