Maswali ya Wasomaji: Karatasi za Ofisi Zinapoishia Kufungia Karanga

SWALI: Chama chetu cha msingi cha ushirika kina stoo iliyojaa makaratasi ya misimu ya nyuma ya korosho. Mfanyabiashara wa stendi anataka kuyanunua kwa kilo akafungie karanga. Wajumbe wengine wanasema ni pesa ya bure, mimi nasita. – Karani, Newala

JIBU: Endelea kusita, ndugu karani. Orodha ya malipo ina jina la mkulima, namba ya simu, akaunti ya benki, kilo alizopeleka na kiasi alicholipwa. Tapeli mwenye karatasi hiyo habahatishi tena. Anampigia mzee wa watu, anamtajia kilo zake mpaka za mnada wa tatu, kisha anamwambia malipo ya nyongeza yamekwama, ataje namba ya siri yatoke. Mzee atakataaje? Kilo zake anazijua yeye na chama tu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na asikae nazo kupita haja iliyomfanya azikusanye. Sasa kuna wanaosikia hayo wakakimbilia kiberiti, nalo ni kosa jingine. Kumbukumbu za kodi hutunzwa miaka 5, ikihesabiwa tangu mwisho wa mwaka wa mapato unaohusika, si tangu tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi. Kwa hiyo, kama mwaka wenu wa mapato ni Januari hadi Desemba, risiti ya Februari 2021 haiguswi kabla ya 2026 kuisha. Maelezo ya ajira ya mtumishi hutunzwa miaka 5 baada ya kazi yake kukoma. Mikataba ipeni angalau miaka 6 tangu imalizike, kwa kuwa huo ndio muda wa kufungua madai ya mkataba. Hati za kiwanja cha ghala hazitupwi kamwe. Na chochote chenye hoja ya ukaguzi wa COASCO (shirika linalokagua hesabu za vyama vya ushirika), mgogoro au kesi kibaki kabatini hata miaka ikiwa imepita, maana kukiharibu wakati huo ni kuharibu ushahidi.

Vinavyobaki vipitishwe na kikao, viharibiwe mbele ya watu wawili, na daftari liandikwe: aina ya nyaraka, mwaka, mabunda mangapi, njia iliyotumika, tarehe, saini zote mbili. Majina ya wakulima yasiingie kwenye daftari hilo, la sivyo mtakuwa mmeyahamisha tu. (Risiti za EFD, yaani za mashine ya kodi, kwa kuwa tumegusa kodi: maandishi yake hufifia kwa joto. Toeni nakala mapema, mkaguzi hasomi karatasi nyeupe.)

SWALI: Tumenunua shreda ya bei nafuu, ile inayokata karatasi kuwa mistari mirefu. Inatosha? Na mbona inakwama kila mara? – Duka la pembejeo, Lindi

JIBU: Kwa karatasi zenu haitoshi. Majedwali ya wateja huchapwa kwa kulaza karatasi, halafu mtu huiingiza kwenye mashine kwa upande mwembamba wa sentimita 21, kwa sababu mdomo wa mashine unaishia hapo. Visu basi vinakata kufuata safu za kulala za jedwali. Kila mstari wa milimita 6 unatoka na safu nzima: jina, simu, deni. Hapo mashine imewapangia orodha, haijaiharibu.

Tafuteni inayokata vipande, daraja la P-4, ambalo kipande chake hakizidi milimita za mraba 160, kwa mfano 4 kwa 40. Karatasi moja ya A4 inatoa vipande karibu 400. Kwa nyaraka nyeti zaidi lipo P-5, kipande kisichozidi milimita za mraba 30.

Kukwama kwenu kuna uwezekano mkubwa kunatokana na unyevu wa pwani. Karatasi iliyolala stoo miezi ya mvua hunywa maji ya hewa, huwa laini na hujizungusha kwenye visu. Ianikeni kwanza ndani, penye hewa, chini ya macho ya mtu. Kama kibandiko kinasema karatasi 8, ingizeni 4 au 5. Mkimwaga kapu, pakeni mafuta ya shreda kwenye karatasi moja na kuipitisha. Mafuta ya kupuliza kutoka kwenye kopo msitumie, gesi yake inaweza kushika moto kwa cheche ya mota.

SWALI: Hatuna mashine, tunachoma nyuma ya ofisi. Kuna ubaya? – Mikindani

JIBU: Bunda lililofungwa haliungui katikati. Ukingo unakuwa mweusi, ndani kurasa zinasomeka, na upepo wa kusi ukivuma unawagawia majirani zenu. Kuchoma pia kunahitaji kuulizwa halmashauri kwanza.

Maji ni bora, na ni rahisi. Chukueni pipa la lita 200 na karatasi kilo 10, yaani rimu nne hivi. Toeni pini, chaneni vipande, lowekeni usiku mzima. Asubuhi twangeni kwa mti mzito mpaka uwe uji usio na kipande cha kushikika. Mkizidisha karatasi, maji hayafiki katikati, na mtatoa mabonge yanayofunguka kama kitabu. Kamueni, anikeni, tupeni. Vitambulisho vilivyopigwa plastiki havilainiki, hivyo vikateni kwa mkasi, mkipitisha kwenye picha na kwenye namba.

SWALI: Na kompyuta ya zamani tukitaka kuiuza? – Steshenari, Masasi

JIBU: Kufuta faili hakuondoi kilichomo. Diski ya kuzunguka ifomatiwe kikamilifu, si ile fomati ya haraka. Flashi na SSD (diski za chipu, zisizozunguka) zilizobeba siri msiziuze, vunjeni chipu zake. Mashine yenu ya fotokopi nayo, kama ni ile kubwa ya ofisini, huenda ina diski inayohifadhi picha za vitambulisho vya wateja. Fundi aifute kabla haijatoka dukani.