Vioo vya modeli ya ndege vimegeuka manjano: jaribu fremu kwanza

SWALI: Habari, fundi. Mimi ni mwalimu hapa Kisumu. Marehemu baba aliacha sanduku la modeli ya ndege aina ya Short Sunderland, ya kampuni ya Airfix, kipimo cha 1/72, ambayo hakuwahi kuiunganisha. Vipande vingine ni vizima, lakini vya kioo vyote vimekuwa vya manjano. Jirani yangu husafisha taa za magari, naye ananiambia nivifute kwa petroli halafu nivisugue kwa dawa ya meno. Je, nifuate?

JIBU: Nzuri, Mwalimu, na pole kwa kumpoteza mzee. Petroli usiiguse kabisa. Jirani yako anajua kazi yake, ila taa za magari ya kisasa ni plastiki ya polikaboneti yenye koti gumu juu, na vioo vya modeli za zamani ni plastiki ya polisterini. Petroli, thina na asetoni huyeyusha polisterini. Hata kipande kisipoyeyuka, huweza kufanya nyufa ndogondogo kwa ndani, na hizo hakuna msasa utakaozitoa. Spiriti nayo naiepuka.

Kabla ya dawa yoyote, tafuta manjano hiyo imekaa wapi. Vioo vyako bado vimeshikwa na fremu ya plastiki ileile: umri mmoja, sanduku moja, rangi moja. Kata kijiti kidogo cha fremu, kivunje, uangalie mvunjiko wake kwenye mwanga. Ikiwa katikati hakuna manjano na rangi iko kwenye ngozi tu, kazi yako ni ya kung'arisha. Ikiwa manjano imepenya hadi ndani, msasa hautakusaidia, utapunguza unene wa kioo bure. Kila ninachokueleza hapa chini kijaribu kwanza kwenye kijiti hicho. Na ukate kwa msumeno mwembamba au wembe, usipinde, kwa sababu polisterini iliyozeeka huwa imekauka na hukatika ovyo.

Chanzo cha rangi ni mwanga na hewa. Miale ya urujuanimno ikishirikiana na oksijeni hushambulia minyororo ya polisterini na kuzaa viunganisho vipya vinavyomeza mwanga wa buluu. Buluu ikiondoka, jicho linaona manjano. Ajabu yake ni kwamba jua hilohilo, likipewa haidrojeni peroksaidi, huvunja sehemu ya viunganisho hivyo. Wapenzi wa kompyuta za zamani ndio walioeneza njia hii tangu mwaka 2008, wakisafisha maganda ya kompyuta yaliyogeuka manjano. Kwa vioo vya modeli matokeo hutofautiana: vingine hurudi kuwa angavu, vingine hupungua rangi tu.

Osha vipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Nunua haidrojeni peroksaidi ya maji ya asilimia 6. Ukiikosa kwenye duka la dawa, waulize wauzaji wa vifaa vya saluni: yenye maandishi ya volyumu 20 ndiyo hiyo asilimia 6. Ile ya krimu siipendi kwa vioo, maana ikikauka upande mmoja huacha mabaka. Zamisha vipande kwenye dawa hiyo ndani ya chupa ya glasi angavu, uweke kifuniko bila kukikaza, kwa kuwa dawa hii hutoa oksijeni na chupa iliyofungwa inaweza kupasuka. Vaa glavu na miwani, na watoto wasiifikie.

Kisha iweke juani. Ikweta inapita hapo Maseno, kwa hiyo jua lako lina nguvu ya kutosha. La kuogopa ni joto. Maji yakiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuzamisha kidole chenye glavu, hamishia chupa kivulini yapoe, maana kioo chembamba kikilegea hakitaingia tena kwenye nafasi yake. Geuza vipande kila baada ya saa moja au mbili, na uvilinganishe na kijiti ambacho hukukitia dawa. Siku mbili tatu zikipita bila mabadiliko, acha.

Kung'arisha ni kazi ya subira. Tumia msasa wa maji namba 1500, kisha 2000, ukilowesha kila mara, halafu kompaundi laini ya kung'arishia rangi za magari kwa kitambaa cha pamba. Dawa ya meno ya jirani, ile nyeupe isiyo jeli, inafaa hapa mwishoni. Usisugue mistari iliyoinuka kwenye kioo cha rubani, kwani ikifutika hutajua pa kupaka rangi. Mwisho chovya kioo kwenye polishi angavu ya akriliki ya kung'arishia sakafu, nyonya tone la chini kwa karatasi ya shashi, ukifunike bakuli hadi kesho yake. Polishi hiyo huziba mikwaruzo midogo.

Kioo kikikataa kabisa, kuna njia nyingine. Madirisha madogo ya ubavuni yazibe kwa gundi nyeupe ya mbao: ivute kwa kijiti cha meno ukizunguka tundu hadi itande, nayo ikikauka huwa angavu. Kwa kioo cha rubani, chonga umbo lake kwa mti, liingize kwenye chupa ya soda ya plastiki, kisha pasha chupa moto taratibu kwa bunduki ya hewa moto hadi iligande umbo hilo. Lakini mimi ningepigania vioo vya asili kwanza. Sunderland ni ndugu wa kijeshi wa zile ndege za Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, zilizokuwa zikitua kwenye ziwa hapo Kisumu mwishoni mwa miaka ya 1930, na nadhani mzee hakuichagua kwa bahati.

Ukifika kwenye kubandika, supaglu weka mbali, maana mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye kioo. Gundi nyeupe inatosha. Na kama stika za modeli nazo zimegeuka manjano, zifunge kwenye mfuko angavu wa plastiki, zibandike ndani ya kioo cha dirisha linalopata jua, uzikague kila jioni uone kama manjano imefifia.