Gari inakuzimia njia panda na nyuma wanapiga honi: anza kurekebisha kabla hujafika

Mkuu, umesema barabara ikinyooka huna shida, ila ukifika makutano gari inazima, nyuma honi, akili inaruka. Nimemfundisha mdogo wangu humu humu Dar, na ugonjwa wake ulikuwa huo huo.

Dawa iko mita 50 hivi kabla ya makutano. Wanaojifunza wengi wanafika na gia ya tatu, halafu wanataka kufanya yote kwa mpigo: indiketa, breki, klachi, kutazama kulia na kushoto. Lazima izime! Tazama vioo, washa indiketa mapema, punguza mwendo kwa breki, shuka namba mbili. Ukilazimika kusimama, weka namba moja pale pale. Usingoje nafasi itokee ndipo uanze kutafuta gia. Pakiwa na mlima vuta handbreki, achia klachi taratibu mpaka gari ianze kuvuta, ndipo uishushe handbreki.

Honi ziache zilie. Anayepiga haoni unachokiona wewe, na ukiingia mbele ya lori kwa sababu yake, yeye atakupita pembeni aende zake.

Kukata kulia ndiko kwenye kazi. Ukisimama katikati kusubiri wanaokuja wapite, matairi yaache yamenyooka. Ukishakata usukani halafu daladala ikakugonga kwa nyuma, inakusukuma moja kwa moja kwenye magari yanayokuja. Hili walimu wengi wa udereva hawalisemi, na mimi naliona kubwa kuliko mengine yote. Kwenye Barabara ya Morogoro, mfano inapokutana na Kawawa pale Magomeni, kumbuka unakatisha pia njia za mabasi ya mwendokasi zilizo katikati, na lile basi halisimami ghafla. Usimfuate wa mbele yako kwa mkumbo, tazama taa. Trafiki akiwa amesimama hapo, fuata mkono wake hata kama taa inasema vingine.

Kukata kushoto watu wanaona rahisi, kumbe bodaboda wanapenyea ubavu huo huo. Tupia jicho kioo cha kushoto mara ya mwisho kabla hujakata. Halafu ile nguzo ya pembeni mwa kioo cha mbele inaweza kuficha pikipiki na abiria wake, kwa hiyo sogeza kichwa mbele na nyuma unapochungulia, usikodoe macho tu.

Kipilefti (mzunguko): mpishe anayetoka kulia kwako. Taa ikiwa kijani, hakikisha kwanza hakuna bodaboda anayepita kwenye nyekundu yake.

Mazoezi fanya Jumapili asubuhi, ukiwa na mwalimu wako. Chagua makutano mamoja tu, yaingie kutoka kila upande, siku ya kwanza kata kushoto tupu. Na kibao cha L usikitoe kwa aibu, wapo madereva wakikiona wanakuachia nafasi.