Oda za sare ulizonazo zimalizie kwenye daftari, usihamishe sasa

Mkuu, usihamishe chochote. Umesema una cherehani tatu pale Majengo, oda za sare zimeanza kumiminika, na Jumamosi hii unataka kuhamishia kila kitu kwenye programu ya kupanga kazi, kalenda ya simu na jedwali la Excel. Unauliza programu ipi nzuri, uamke saa ngapi, na ununue tableti au kompyuta. Disemba? Fundi wa sare anabadili mfumo Disemba?

Nami nashona hapa hapa Dodoma, na ushauri huo niliulipia. Mkufunzi alitukusanya ukumbini akatuambia daftari ni ushamba, kila aina ya taarifa iwe na mahali pake. Basi vipimo vikaenda kwenye programu, tarehe kwenye kalenda, advansi kwenye Excel, picha za mitindo zikabaki WhatsApp. Mteja mmoja, sehemu nne. Mzazi anapiga simu, "ongeza inchi mbili kwenye sketi, mtoto amerefuka", nami mguu uko kwenye cherehani na mteja mwingine yuko mlangoni. Naandika panapofunguka haraka, kwingine kunabaki vilevile. Vijana wakakata sketi za bluu kwa vipimo vya zamani, maana ndivyo walivyovikuta. Sketi iliyokatwa fupi bila pindo la kutosha huirefushi. Kitambaa nikanunua upya kwa hela yangu.

Halafu kuna mama alitoka Kibaigwa, Jumamosi ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa Januari. Tarehe yake ipo kwenye kalenda, vipimo havipo popote. Watoto watatu. Nilimrudishia advansi nikaongeza na nauli, bado alilia pale dukani. Hilo linaniuma kuliko kitambaa.

Nilipompigia mkufunzi akanijibu kwamba sina nidhamu. Nidhamu! Mtu hajawahi kuhudumia mteja hata mmoja wa sare. Ndiye huyo huyo aliyetuambia tutege saa, dakika 25 kazi, 5 mapumziko. Francesco Cirillo aliibuni njia hiyo akiwa mwanafunzi, mwishoni mwa miaka ya 1980, imsaidie kusoma, na kwa kusoma inafaa sana. Dukani kwako mlango uko wazi, dakika ya tatu tu mtu anakuja kuulizia zipu yake.

Oda moja, ukurasa mmoja. Jina, namba ya simu, vipimo, advansi, siku ya kuchukua, na kipande cha kitambaa ukipige stepla pembeni. Mteja akibadilisha neno, unasahihisha kwa kalamu nyekundu kwenye ukurasa huo huo, na anayeshika mkasi haanzi kukata kabla hajausoma. Jioni piga picha kurasa za siku hiyo, ili daftari likipotea usibaki mikono mitupu. Programu ukiitaka sana, ianze na oda mpya za Februari, na iwe inayokuonyesha mambo yote ya mteja mahali pamoja. Inayokulazimisha kuyatawanya iache, hata kama ni ya bure.