Shangazi wa Picha: Makomando, kamba iliyonasa na ukuta wa mwenye nyumba

Mwezi huu barua karibu zote ni za makomando. Wenye maswali ya mahari na mawifi wasubiri zamu yao. Kwa wageni wa safu hii: zamani za kaseti nilikaa mlangoni pa banda la video la kaka yangu pale Langoni, Lamu, nikikata tiketi, na picha ikianza kuchezacheza nikisafisha hedi ya deki kwa pamba na spiriti. Sikusomea filamu popote. Masikio yangu ndiyo yamesoma. Milio ya bunduki nimeisikia kuliko ya punda.

*Shangazi, shikamoo. Sisi vijana hukusanyika kila Ijumaa baada ya isha kuangalia picha za makomando, na ubishi hauishi. Mmoja anasema komando wa kweli peke yake anamaliza mtaa mzima, mwingine anasema huo ni uongo wa Wamarekani. Na mbona steringi hafi? – Kijana, Langoni*

Marahaba, mwanangu. Steringi hafi kwa sababu kuna sehemu ya pili na ya tatu za kuuzwa. Hilo tumelimaliza.

Tuje kwenye risasi. Bunduki ya M4A1, ambayo mnaiona mikononi mwa makomando wa Marekani katika picha nyingi, magazini yake ya kawaida huingia risasi 30. Ukikaza kidole bila kuachia, zote zimekwisha kwa sekunde mbili tatu, yaani hujamaliza kusema Bismillahi Rrahmani Rrahim. Steringi wenu huanza kupiga maghribi na isha inamkuta hajabadilisha magazini. Gruneti nayo haitoi lile wingu la moto jekundu. Wale ni mafundi wa sinema na petroli yao. Ya kweli ni mshindo, vumbi, na vipande vya chuma. Na sailensa haifanyi bunduki ikohoe kama paka: mlio hupungua, lakini nyumba ya tatu mtoto ataamka.

Kuhusu mtu mmoja kumaliza mtaa, hapana. Hawa watu huenda kwa timu na wamechujwa kwa ajili ya timu. Makomando wa majini wa Marekani, SEAL, huchujwa Coronado, California. Kuna wiki wanayoiita ya jehanamu: siku tano na nusu, usingizi wa saa nne hivi kwa jumla, mashua ya mpira kichwani, kulazwa katika maji baridi ya Pasifiki. Anayeshindwa hugonga kengele mara tatu akaenda zake, na wengi huigonga.

Hata hao waliobaki mambo huwaharibikia, na hapo ndipo mimi huipimia picha ya makomando. Mei 5, 1980, SAS, makomando wa jeshi la Uingereza, walivamia ubalozi wa Iran mjini London, watu wenye silaha wakiwa wameshika mateka humo kwa siku sita. Kazi ilichukua dakika 17, televisheni ikionyesha moja kwa moja. Kiongozi wa kundi lililoteremka kwa kamba kutoka paani alinasa kwenye kamba yake mwenyewe, akabaki anang'inia huku moto wa dirishani ukimchoma miguu. Mateka 19 wakatoka hai. Sasa niambie, umeona picha ngapi ambazo kamba ya steringi inanasa?

Au chukua Mei 2, 2011, SEAL walipokwenda kwa Osama bin Laden huko Abbottabad, Pakistan. Makomando 23, mkalimani, mbwa aitwaye Cairo, na helikopta mbili za kuwashusha. Moja ikaanguka pale pale uani. Marekani walikuwa wamejenga mfano wa ule ua wakafanya mazoezi, lakini mahali pa ukuta waliweka wavu wa waya. Upepo wa mapanga ya helikopta hupenya kwenye wavu ukaenda zake. Kwenye ukuta wa kujengwa, mrefu, upepo unagonga na kurudi, na helikopta inapoteza nguvu ya kujiinua. Mwombe fundi mwashi yeyote wa Mkomani akuelezee joto na upepo vinavyofanya kazi ndani ya kuta ndefu. Ataanza kucheka kabla hujamaliza swali. Rubani aliishusha kwa ustadi, wakatoka wazima, wakaendelea na kazi.

Mkitaka kuiona, tafuteni *Zero Dark Thirty* ya Kathryn Bigelow, ya 2012. Nawaonya: sehemu kubwa ya picha ni mwanamke na mafaili, miaka inapita, wakubwa wanambishia. Uvamizi wenyewe unakuja mwishoni, gizani, polepole, mlango baada ya mlango, na wanaonong'ona ni wengi kuliko wanaopiga kelele. Ingekuwa enzi zangu, wateja wangedai hela yao mlangoni. Mimi naiweka juu ya nyingine zote.

*Bi Shangazi, asalaam aleikum. Sisi ni Wabajuni, mama yangu alizaliwa Kismayu. Mume wangu aliweka picha ya vita vya Mogadishu nikaondoka katikati kwa hasira. Watu wanaanguka kama inzi na hakuna hata mmoja mwenye jina. Mume wangu asema ni picha tu. Je, nimezidisha? – Mama Faza*

Waalaikum salaam, dadangu. Hukuzidisha. Na mumeo naye hakukosea kuipenda, kwa sababu *Black Hawk Down* ya Ridley Scott, ya 2001, imetengenezwa kwa mkono wa fundi. Ule mlio wa helikopta unausikia kifuani. Lakini tuulizane ni nani mwenye mji.

Habari yenyewe ni hii. Oktoba 3, 1993, Rangers na Delta, vikosi maalumu vya jeshi la Marekani, walikwenda mchana kweupe kuwakamata wasaidizi wa mbabe wa vita Mohamed Farah Aidid karibu na soko la Bakara. Ilikuwa kazi ya kama saa moja. Baadhi yao waliacha miwani ya kuonea usiku kambini. Ya nini, na kabla ya jua kutua wamesharudi? Helikopta mbili zikatunguliwa kwa roketi za begani. Wakakesha mjini, na alfajiri walitolewa kwa msaada wa magari ya deraya ya Malaysia na Pakistan. Wamarekani 18 walikufa katika mapigano hayo, na mwingine siku chache baadaye kambini. Wasomali walikufa kwa mamia.

Katika picha, Mogadishu ile ni Morocco, mji wa Salé. Osman Ali Atto, tajiri wa upande wa Aidid, ameigizwa na George Harris, mwigizaji wa Uingereza. Atto mwenyewe alikuwa hai, na alilalamika kwamba hayakuwa hivyo. Kisha ngoja mpaka mwisho kabisa, pale watu wanapoanza kutafuta viatu: Wasomali waliokufa wanapewa tarakimu moja, zaidi ya 1,000, na Wamarekani wanaandikwa majina, mmoja mmoja, wote 19. Hilo ndilo lililokutoa sebuleni, hata kama hukulifikia. Mwulize mumeo kwa upole amtaje mama mmoja tu wa Kisomali kwenye picha ile, jina lake na alikuwa akipika nini.

Akishindwa, muweke chini mwangalie *Captain Phillips* ya 2013. Meli ya Maersk Alabama, Aprili 2009, ilikuwa ikija hapa kwetu Mombasa na ndani yake mna chakula cha msaada. Maharamia wanne wakapanda. Mwisho wake unajulikana: Aprili 12, wadunguzi wa SEAL, wakiwa nyuma ya manowari ya USS Bainbridge, waliwaua watatu waliokuwa na nahodha ndani ya mashua ya uokozi iliyokuwa ikivutwa. Makomando hawa karibu hawana maneno wala sura. Wanafika, wanapima, wanangoja bahari itulie. Sura amepewa yule kijana mharamia, Muse, na aliyemuigiza ni Barkhad Abdi, Msomali aliyekuwa dereva Minneapolis na hakuwa amewahi kucheza picha. Akateuliwa kuwania Oscar. Wanabishana kwa Kisomali chao, wanatafuna mirungi, mmoja ana jeraha la mguu, na unawaona jinsi walivyokonda. Hujawapenda, wamemteka mtu. Ila wakifa unajua waliokufa ni akina nani. Paul Greengrass, aliyeiongoza, hakuhitaji kuwatetea maharamia kufanya hivyo. Aliwapa muda wa kusema, basi.

Mumeo akisema hii ya pili haina vita vya kutosha, mpikie, mnyamazie.

*Shangazi, mwanangu wa kiume ana miaka 11. Simu ya baba yake imejaa vipande vya makomando, mpaka anatembea nyumbani akipeleka vidole kama anaongoza kikosi. Nimnyang'anye? – Mama wa Shela*

Vidole havina neno, watoto wa kiume walikuwa hivyo hata kabla ya umeme. Neno liko kwenye vipande. Picha nzima ina kabla na baada: mtu amepigwa risasi, mwenzake analia, mama anapewa habari. Kipande cha simu kina risasi tupu. Bodi ya filamu nchini huweka alama za umri, GE, PG, 16 na 18, na nyingi za hizi ni 16 kwenda juu, lakini simu haisomi alama. Futa vipande. Mchagulieni picha moja ya umri wake, baba yake akae naye mpaka mwisho. Akianza kushtuka usiku, simamisheni yote, na watoto wetu wa huku wamesikia milio ya kweli, kwa hiyo usingoje ashtuke mara mbili.

*Shangazi, mimi nasoma chuo hapa Malindi. Wenzangu wananicheka kwa kupenda picha zilizotafsiriwa na DJ. Wanasema DJ anaharibu kazi ya watu. Wewe waonaje? – Msichana wa Maweni*

Anaharibu, ndiyo. Anafunika muziki, anamwita kanali Otieno, na pale mtu anapokufa kwa uchungu yeye anatoa utani wa chapati. Na bado, akina DJ Afro ndio waliofanya mchuuzi asiyejua Kiingereza afuate njama yenye majasusi wa nchi tatu bila kupotea. Kwa picha za risasi na misuli, DJ ni nusu ya raha. Kwa zile mbili tatu nilizozitaja leo, mzime. Kimya cha watu wanaongoja nyuma ya mlango ndicho walichotozea pesa, na DJ hawezi kukaa kimya hata akifungwa kitambaa.

*Shangazi, hapa Mokowe tumeishi na operesheni, helikopta na vizuizi vya barabarani miaka mingi kuliko Hollywood. Mbona hakuna picha ya makomando wa kwetu? – Abu, Mokowe*

Ipo iliyokaribia, Bwana Abu. *Eye in the Sky* ya Gavin Hood, ya 2015, hadithi yake iko Eastleigh, Nairobi, ingawa imepigwa Afrika Kusini. Kikosi maalumu cha Kenya kiko tayari, magari yanawaka, na kinaambiwa kingoje, kingoje, huku London na Marekani wakibishana kwenye simu juu ya kombora la droni na mtoto wa kike anayeuza mikate kando ya ukuta. Barkhad Abdi yumo tena, safari hii upande wa serikali. Sisi ndio wenye mji, na katika picha nzima kazi yetu kubwa ni kungoja amri. Nadhani aliyeiandika alikuwa anajua anachosema.

Za kwetu hazipigwi kwa sababu hazina umbo ambalo Hollywood hununua. Mwaka 2011 mgeni alitekwa Kiwayu akapelekwa Somalia kwa mashua. Aliachiwa miezi sita baadaye baada ya fidia kulipwa, hakuna komando aliyepiga mlango teke. Januari 5, 2020, Manda, kambi ya kijeshi ilishambuliwa kabla ya kupambazuka, Wamarekani watatu wakauawa na ndege zikaungua. Nani atalipia tiketi kuona hilo? Operesheni ya kuwasaka al-Shabaab katika msitu wa Boni ilianza 2015, na askari wa msituni adui wake wa kila siku ni matope, bomu la kutegwa njiani na kutojua. Ukitaka tukio la kijeshi lenye picha kamili, liko la Septemba 2012, KDF, jeshi la Kenya, waliposhuka Kismayu kutoka baharini usiku. Mimi ningeliona.

Lakini ningeona zaidi picha ya mvuvi wakati wa marufuku ya kuvua usiku: samaki wake ni wa usiku, doria iko baharini, nyumbani mkopo wa mashine ya boti unamngoja, na yule askari kijana kwenye doria, mtoto wa bara asiyejua kuogelea vizuri, hajui ni mvuvi au si mvuvi anayezima taa mbele yake. Hapo kuna dakika tisini bila kulipua kitu. Tuna vijana Lamu na Malindi wenye kamera nzuri kuliko tulizowahi kuziota, wanazitumia kupigia harusi. Anayeandika muswada aniletee niusome. Ukiwa na helikopta zaidi ya moja nitaurudisha.